Ndiyo ya Wagiriki

Wifi yangu Trendafila alikuwa kiziwi, na hapa simsengenyi, maana hata mbele yake nilikuwa nasema hivyo hivyo, naye ananijibu, "Asante, nimeshakula." Masikio aliyaacha kiwandani. Wanawake wa rika letu hapa Asenovgrad, kwetu Bulgaria, nusu yetu tulikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi, na zile mashine zilikuwa zinapiga kelele mpaka maziwa yanaganda kifuani mwa anayenyonyesha. Mimi niliponea kwa sababu mikono yangu ni mizito, nikapelekwa jikoni kumenya viazi. Yeye alibaki kwenye nyuzi hadi siku kiwanda kilipofungwa.

Televisheni yake sasa! Akiiwasha jioni, majirani wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanazima zao, ya nini kumaliza umeme. Mzee Gancho wa mtaa wa nyuma aliuza ya kwake kabisa, akawa anakaa rosheni na glasi ya rakia, pombe yetu kali, akifuatilia tamthilia za Kituruki kwa sauti inayotoka kwa wifi. Picha alijitengenezea mwenyewe kichwani, na alidai zake zilikuwa na wanawake wazuri zaidi.

Kiwanda kilipofungwa, na kaka yangu naye keshazikwa, Trendafila alikwenda Thesaloniki, Ugiriki, kumtunza bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Kigiriki alikisoma midomoni mwa watu, jinsi wengine wanavyosoma gazeti. Kuna neno moja tu lililomtesa. Kwetu sisi Wabulgaria, "ne" ni hapana. Wagiriki nao wana "ne" yao, ukiisikia ni ile ile, na kwao ni ndiyo. Basi mwaka wa kwanza kila alichokataa aliletewa. "Bibi anauliza, wakuongezee dengu? Nasema ne. Wananiongezea. Nasema ne, ne, ne! Anasema, jamani maskini, kwao kuna njaa, anaamuru sufuria nzima." Wifi aliondoka hapa mwembamba kama ufagio, akarudi akipita mlangoni kwa ubavu. Dengu tupu.

Bibi wa Thesaloniki alipofariki, Trendafila akarudi kwenye nyumba ya kaka yangu, peke yake. Watoto hawakujaliwa. Mimi nilikuwa napita kila siku, lakini ukipita kwa kiziwi unabisha mlango mpaka vidole vinaota sugu. Siku moja nilibisha kuanzia sala ya asubuhi hadi kahawa ya mchana, na huyo yuko ndani, anakaanga pilipili, anaimba.

Ndipo akaja Sirene.

Mwisho wa mtaa wetu anaishi Veneta, mwanamke wa vidole vyenye pete, ambaye alikuwa anafuga paka wa Kiajemi, wale wenye nyuso bapa kana kwamba walizaliwa wakikimbilia ukuta. Alizaliwa kwake dume mmoja mweupe, macho ya buluu. Weupe wake ulikuwa hivi: ukianika shuka karibu naye, unalirudisha kwenye maji. Lakini Veneta alikuwa na madume wengi, na madume hawakai nyumba moja, watapigana na kukojolea hadi picha za watakatifu. Akaja kwa wifi, wakanywa kahawa, nami nilikuwepo.

"Lelya Trendafila," Veneta akasema, yaani shangazi, akitamka pole pole midomo ionekane, "namweka kwako. Umwoshe, umchane, umpeleke maonyesho ya paka kwa jina la nyumba yangu. Anahitaji vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu ili awe bingwa. Akiwa bingwa, ni wako mpaka afe. Asipokuwa, narudi kumchukua."

Kama babu zetu walivyokuwa wanapeana kondoo wa kuchunga. Wakashikana mikono, basi. Kwetu mkono ukishashikwa hakuna haja ya kalamu.

Jina lake la maonyesho lilikuwa refu, lilikuwa na mwana wa mfalme na bonde la waridi ndani yake. Wifi alimwita Sirene, jina la jibini letu jeupe la chumvi. Na alivyokuwa akimwita kwa ile sauti yake, wanawake wa mtaa walitoka na mabakuli wakidhani muuza jibini anapita.

"Wewe Trendafila," nilimwambia, "paka wa mabwana unampa jina la kitu cha kupaka kwenye mkate?"

"Na wewe ulipewa jina la Dobra, mwema," akasema. "Mbona hakuna aliyelalamika?"

Ndivyo tulivyokuwa. Mawifi wasiotukanana wana jambo wanalofichana.

Yule paka aligundua mapema kwamba bibi yake hasikii. Paka wa watu wengine hulia. Huyu hakupoteza pumzi. Akitaka chakula alimgonga goti kwa mguu wake wa mbele, taratibu, kama karani anayetaka uangalie huku. Mtu akibisha mlango, Sirene aliinuka, akaenda mlangoni, akaketi. Wifi alikuwa akimwona paka mlangoni anajua ana mgeni. Birika likichemka, alikwenda kuketi mbele ya jiko. Mara moja bomba lilipasuka chini ya sinki usiku, alimpandia kifuani akamkanyaga mpaka akaamka. Nilikuwa sibishi tena mpaka sugu. Nagusa tu, mlango unafunguliwa, na wifi anasema, "Sirene amesema ni wewe. Amesema pia umekuja mikono mitupu."

Kwa kelele nyingine zote hakujali. Amelelewa chini ya ile televisheni, angeshtuka na nini? Sinia ya bati ikianguka nyuma yake, sikio halikutikisika. Nilimwona kwa macho yangu mawili amelala huku bendi ya harusi inapita dirishani na ngoma, na farasi wa bendi ndiye aliyeshtuka.

Cheti cha kwanza akakipata Plovdiv, cha pili Stara Zagora. Sikujua kwamba paka ana kazi nyingi kuliko bibi harusi. Kwanza anaoshwa mafuta kwa sabuni ya vyombo, kisha anaoshwa kwa shampuu yake, kisha anakaushwa kwa mashine ya nywele huku mmoja anapuliza na mwingine anachana, kisha poda, kisha poda inatolewa yote, maana jaji akiona poda anakufukuza. Macho yanafutwa kwa pamba ili machozi yasimwachie michirizi ya kahawia. Na mapazia! Kila mwenye paka anashona mapazia ya kizimba chake, ndani na pembeni. Wifi alikata joho lake la mahameli jekundu.

"Joho ulilovaa siku kaka yangu alipokuposa," nikasema.

"Kaka yako mwenyewe hakulitazama siku ile. Alikuwa anatazama kondoo wa kuchomwa."

Ikabaki Plovdiv ya masika, cheti cha tatu. Veneta alikuwa amesema waziwazi: akikosa safari hii, basi, amepata mtu mwingine anayemtaka. Wiki nzima wifi hakulala sawasawa. Alinikabidhi mkoba wa chakula, akabeba kikapu cha paka mwenyewe kifuani ndani ya basi, na mtu alipomwambia aweke chini alimtazama mpaka yule mtu akashuka kituo kisicho chake.

Asubuhi pale ukumbini, tulipokuwa tunasubiri kahawa, mwanamke mmoja wa nywele za kijivu mbele yetu aliangusha kitambaa chake akasema kitu. Wifi akaona midomo. "Ni Mgiriki!" akaniambia, na macho yakamwaka. Akamwokotea, wakaanza kuzungumza Kigiriki, huyu anauliza wa wapi, huyu anamtajia mtaa wa Thesaloniki na kanisa lililo kwenye kona, wakacheka, wakashikana mikono. Sikuelewa neno. Nilifurahi kuliko wao. Tulipofika kwenye kizimba na kuona meza za majaji, yule mwanamke alikuwa ameketi kwenye meza yetu, amevaa aproni nyeupe. Jaji Evanthia.

"Mungu amekutupia kamba," nikamwambia wifi.

"Nyamaza. Na usimtemee paka."

Nilikuwa nimeshamtemea. Pu, pu, pu, dhidi ya kijicho, kama tunavyofanya kwa mtoto mzuri. Mate hayakumfika, nina adabu zangu.

Sheria ya pale ni kwamba mwenye paka hasemi na jaji. Unasimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja kioo. Ukisema, watu watadai unamsifia paka wako. Jaji akiuliza, unajibu neno moja, unanyamaza.

Akaletwa Sirene na mwanamke mbebaji, akawekwa mezani. Evanthia akamshika kidevu, akatazama meno, akapitisha vidole kwenye mkia mfupa kwa mfupa kutafuta kifundo, akanyanyua manyoya ya shingo, akatabasamu. Nilimbana wifi mkono. Kisha jaji akachukua funguo zake, akazitikisa nyuma ya kichwa cha paka.

Paka mweupe wa macho ya buluu, wanasema, wengi huzaliwa viziwi. Na kiziwi haruhusiwi kuonyeshwa.

Akatikisa tena. Sirene alikuwa anatazama taa ya darini. Akapiga makofi. Akakunja karatasi. Sirene akapiga miayo, kinywa chote cha waridi nje, akajilaza.

Jaji akamgeukia Trendafila. Alikumbuka kwamba wanaelewana, basi akamuuliza kwa Kigiriki, kwa upole, uso kwa uso. Wifi akalisoma lile swali midomoni. Nilimwona rangi inamtoka hadi mikononi.

"Ne!" akasema. "Ne! Ne!"

Mtu akishtuka, hushtuka kwa lugha ya mama yake.

Evanthia aliweka mkono kifuani. Akasema maneno mawili matatu, akainama kuandika, na wakati anaandika aliendelea kusema, lakini uso ulikuwa chini na wifi hakuona midomo. Aliona tu kwamba alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na machozi na anatabasamu. Akampa wifi mkono. Na wifi yangu, mwenye kiburi cha kuzaliwa, ambaye hakuwahi kubusu mkono wa yeyote ila wa askofu, aliinama akaubusu.

Tulirudi kizimbani tunaelea. Nikafungua mkoba, nikatoa banitsa, andazi letu la jibini, tukagawia majirani kulia na kushoto. Wifi akamwambia Sirene kwa sauti iliyosikika hadi mtoni, "Umekuwa bingwa! Sasa unaweza kunya popote!" Ukumbi mzima ukacheka.

Veneta akaja, na karatasi ya jaji mkononi. Hakuwa anacheka.

"Lelya Trendafila, umesema nini pale?"

"Nini?"

"Umemwambia jaji nini?"

"Kaniuliza kama ni kiziwi. Nikasema hapana."

"Ameandika kwamba ni kiziwi. Ameandika kwamba mwenye paka mwenyewe amekiri." Akampa karatasi. "Mbebaji anajua Kigiriki, kanieleza. Jaji alikuwa anakushukuru. Anasema katika kazi yake yote hajaona mtu mkweli kama wewe."

Wifi hakuisoma. Aliketi juu ya kiti kidogo cha kukunja, banitsa bado mkononi, akawa anatamka bila sauti, anajipima midomo yake mwenyewe. Halafu akasema, "Dobra. Nilisema ne."

"Si ndivyo ulivyotakiwa kusema?"

"Kwake yeye ni ndiyo."

Tulikwenda kwa jaji, sote watatu. Safari hii wifi alisema Kigiriki chote alichokuwa nacho, hadi kile cha sokoni. Evanthia alisikiliza, akasikitika kweli, mimi nilimwona. Lakini akasema funguo alizitikisa mwenyewe, na macho yake yaliona. Mkuu wa maonyesho, bwana mmoja mwenye suti iliyombana, akasema neno la jaji likishatiwa sahihi halirudi.

"Anasikia mlango!" wifi akapaza sauti. "Bisheni mlango mwone!"

Yule bwana, kwa heshima, nampa haki yake, akabisha meza ya mbao. Koko, koko, koko. Watu wakakusanyika. Sirene alikuwa amelala ndani ya mapazia ya mahameli.

"Huo si mlango wangu," wifi akasema. Akarudia, pole pole, kama anayewafundisha watoto. "Huo si mlango wangu. Atakwendaje kuketi kwenye mlango usio wake?"

Mwanamke mmoja wa kizimba cha pili akaanza kuchana paka wake, ambaye alikuwa amechanwa tayari.

Veneta akamchukua pale pale. Sitamfanya shetani, ingawa ningeweza, hata mkia nimtie. Alisema, "Lelya, mkono ni mkono." Wifi akasema, "Mkono ni mkono," akamweka mwenyewe kikapuni, akamfunika, akamwambia Veneta kwamba asimpe samaki wa kopo. Mapazia aliyaacha yaning'inie. Mimi niliyafungua nikayatia mkobani pamoja na makombo.

Baada ya siku kadhaa Veneta alimpeleka Sofia, kwa daktari anayepima masikio ya wanyama kwa waya. Masikio yakaonekana mazima kabisa, angeweza kusikia panya akijuta. Nilikimbia kwa wifi na habari hiyo, na kukimbia kwangu mnakujua, vikongwe wenzangu walinipita. Nilibisha, nikabisha, mwisho nikapanda dirishani.

"Si kiziwi! Wamethibitisha!"

Alisoma midomo yangu kupitia kioo. Akavaa viatu bila soksi, tukaenda kwa Veneta.

"Ndiyo, si kiziwi," Veneta akasema mlangoni. Hakutukaribisha, na kwetu asiyekukaribisha kahawa ameshakujibu. "Ndiyo sababu nimempeleka Varna, kwa yule mtu niliyewaambia anamtaka. Ile karatasi ya jaji imefutwa kwa kipimo cha daktari, atatafuta cheti cha tatu kwa jaji mwingine."

"Anasikia," wifi akasema. "Basi anirudie."

"Lelya, fikiri. Kwako kuna kelele, haogopi kitu, hageuki. Jaji mwingine atatikisa funguo, tutaonekana tena waongo. Kule nyumba ni kimya. Atajifunza kugeuka."

"Ni masikio yangu, Veneta."

"Najua." Na nadhani alijua. "Nitakutafutia mwingine. Jike. Majike ni watulivu."

"Sitaki mwingine," wifi akasema, akamwambia usiku mwema, na ilikuwa saa tano asubuhi.

Kiangazi kile alizima televisheni. Mzee Gancho aliugua. Nasema kweli, alikonda, akaja kuniuliza kama kuna msiba, na yule Mturuki tajiri alimwoa nani mwishoni. Nilimtungia mwisho. Nikampa mke mwenye ndevu.

Vuli ilipofika nilimwona wifi amevaa koti zuri. "Tunakwenda Plovdiv," akasema. Tulikata tikiti kama watazamaji, tukaingia na kundi la watoto wa shule na wanandoa wenye maputo, watu wanaokuja kusema "angalia huyu" na "angalia yule" na kula mahindi ya kuchemsha. Sirene alikuwepo, safu ya tatu. Mapazia ya samawati yenye shanga. Mwenye naye mpya alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo kiasi kwamba hata mimi mwenye masikio sikumsikia. Alikuwa anamchana vizuri. Nilitaka kumkuta anamchana vibaya.

"Nenda karibu," nikasema.

"Watazamaji hawagusi."

"Usimguse. Mwite. Mwite kwa ile sauti yako ya muuza jibini."

"Mbele ya jaji?"

"Mbele ya Mungu, Trendafila! Nani atakufunga?"

Alikuwa anatazama meza. Mbebaji alikuwa ameshamchukua Sirene. Jaji safari hii alikuwa mwanamume, wa Poland wanasema, mrefu, mwenye miwani. Akatazama meno, mkia, manyoya. Akatoa funguo.

Alizitikisa mara moja, taratibu tu. Na Sirene akageuza kichwa.

Alikigeuza chote, masikio mbele, kama paka yeyote wa watu. Jaji akacheka, akamkuna paji. Watu wakapiga makofi, na wifi alipiga pia, mikono yake mikubwa ya kiwandani, alipiga hadi wengine walipokuwa wamekwisha acha, maana hakusikia kwamba wameacha. Mama mwembamba akageuka kutazama nani. Nikamshika wifi viganja nikavishusha.

"Umeona?" akaniuliza. "Amejifunza."

"Nimeona."

"Ningemwita, angegeuka kwangu badala ya funguo. Angeikosa." Akafunga kitufe cha juu cha koti. "Nisingependa aikose."

Tulitoka kabla ya kutangazwa mabingwa. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba ya mji ule, na basi lilichelewa. Kituoni nilimtania nijuavyo. Nilimwambia kaka yangu kule aliko anamshukuru Mungu kwa kumchukua mapema, kabla joho halijawa pazia la choo cha paka. Nikamwambia mguu wake wa kulia umevaa kiatu cha kushoto. Nikamwambia kwamba anazeeka vibaya, kama jibini lililosahauliwa juani. Nilimwambia yote kwa midomo iliyo wazi kabisa, nikiwa nimesimama mbele yake kwenye mwanga.

Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Sawa, Dobra," akasema. "Pole kwa kukusimamisha kwenye mvua."

Mwanamke huyu tumekuwa mawifi tangu nina meno yote. Hakuwahi kuniambia pole. Nikamkaribia, tukasubiri basi.